Koti Lililokonda Njiani

Koplo Dobi alikuwa na tabia moja ambayo wenzake kituoni waliiona ni roho mbaya tu: hakumwamini mtu anayelia kabla hajaulizwa. Kwa hiyo mwanamke aliyeingia saa tatu asubuhi na koti la sufu kifuani, amelikumbatia kama mtoto mwenye homa, machozi yameshamfika kidevuni, alipewa kiti, akapewa karatasi ya kujifutia, kisha akaandikwa wa kwanza kwenye orodha ya washukiwa.

Orodha yenyewe ilikuwa na mtu huyo mmoja.

Jina la Dobi hakupewa na wazazi wake. Marehemu baba yake alifua na kupiga pasi nguo za watu maisha yake yote, na wenzake kazini walipolijua hilo wakamwita binti huyo Dobi ili wamcheke. Yeye akalipenda jina, wakakosa raha. Alikuwa na miaka minne sasa kwenye dawati la makosa ya mtandao, yaani meza moja mwisho wa korido, ubavuni mwa choo, kwa kuwa mkuu wa kituo aliamini makosa ya mtandao hayahitaji hewa.

"Unaitwa nani?"

"Mama Pacha, afande. Hata duka langu la mtandaoni ndivyo linavyoitwa. Makoti ya Mama Pacha."

"Unauza makoti. Watu wananunua makoti na jua hili?"

"Wanaosafiri kwenda kwenye baridi, afande. Wanafunzi, wauguzi, wenye ndugu huko. Nanunua mabelo ya mitumba, nachambua, nafua, napiga pasi, napiga picha, naweka mtandaoni. Miaka sita sasa. Wateja mia nne wamenisifia kwa maandishi, nyota tano tano. Na leo saa kumi alasiri wananifungia."

"Nani anakufungia?"

"Kampuni yenye soko. Wanasema nauza matambara."

Koplo alinyoosha mkono, Mama Pacha akaliachia koti kwa shida. Lilikuwa refu, rangi ya ugoro. Bitana yake, kile kitambaa laini cha ndani, ilikuwa imechanika kwapani kiasi cha kupitisha kichwa cha mbuzi.

"Hili ndilo ulilouza?"

"Hapana! Ndicho ninachosema siku zote hizi. Mimi nilituma koti zima, zuri, la elfu themanini. Mnunuzi akalalamika limechanika, akalirudisha. Nafungua kifurushi, nakuta hili. Rangi ni ileile, ukilitazama kwa mbali ni pacha wake. Lakini si langu! Na hii ni mara ya tatu ndani ya miezi miwili. Malalamiko matatu, duka linafungwa. Ndiyo sheria yao."

"Au ulituma hilihili, ukategemea mnunuzi hana macho."

Machozi yalikatika kama bomba lililofungwa. Mama Pacha akamkazia macho.

"Afande, ningekuwa mwizi ningekuja hapa kunusa choo chenu?"

Koplo aliandika jibu hilo neno kwa neno. Alilipenda. Kisha akalitandaza koti mezani, akainama, akalinusa kuanzia kola hadi upindo, bila haraka. Konstebo aliyekuwa anapita kwenda haja alisimama kidogo, akaona bora aendelee na safari yake.

"Nguo zako unazifua kwa kitu gani?"

"Za sufu, maji baridi na sabuni ya maji, ile ya harufu ya ndimu. Kisha pasi ya mvuke."

Koti halikunuka ndimu. Lilinuka dawa, ile harufu kali, kavu, inayokaa puani siku mbili, ya nguo iliyosafiri miezi ndani ya belo lililobanwa kwa mashine. Na mgongoni lilikuwa na mikunjo. Si mikunjo ya kukaa kwenye bahasha siku mbili tatu. Ilikuwa mikali, imekatiza huku na huku kama ramani, sufu imelala na haitaki kuamka. Koplo alipitisha ukucha juu ya mmoja. Baba yake aliijua mikunjo hiyo na aliichukia kuliko wadeni. Haitoki kwa pasi ya kawaida, inataka mvuke, kitambaa kibichi na matusi kidogo.

"Ulikipokea lini kifurushi hiki?"

"Juzi."

"Ukakifungua na nani?"

"Peke yangu. Nikaliona, nikaketi chini. Baadaye nikaenda kwa Mjomba kulia."

"Mjomba yupi?"

"Mjomba wangu, kaka yake mama. Ndiye ananiuzia mabelo. Ndiye aliyenifundisha kazi yenyewe. Akaniambia, mwanangu, usigombane na kampuni, lipa hiyo ada wanayotaka, yaishe."

Kalamu ikasimama. "Ada gani?"

Mama Pacha alitoa simu akamwonyesha ujumbe. Ulikuja juzi hiyohiyo, saa moja baada ya kifurushi kurudi. Ulimwita Ndugu Muuzaji Mpendwa, ukataja namba ya oda, ukamtaka atume elfu ishirini, *ada ya kuzuia kufungiwa*, kwenye namba fulani kabla ya jua kuzama.

"Ukatuma?"

"Nikatuma. Na bado wananifunga."

Koplo aliipiga namba ile palepale. Haikupatikana. Akaiandika kwenye barua ya maombi kwenda kampuni ya simu, akijua majibu yatakuja baada ya siku tatu kama watu wa huko wameamka vizuri. Saa ya ukutani ilisema tatu na nusu. Akalikunja koti, akalitia kwenye mfuko wa plastiki wa ushahidi.

"Twende kwa hao wenye soko. Na wewe usilie huko. Machozi yanawafanya watu wa ofisini waite meneja."

* * *

Kituo cha vifurushi kilikuwa banda refu la mabati lenye mizani mlangoni, rafu hadi darini, na kikaratasi kilichosema TABASAMU, UNAHUDUMIWA. Aliyehudumia hakutabasamu. Alikuwa karani wa malalamiko, kijana mwenye tai fupi na kikombe cha chai kilichokuwa kimeota ngozi juu.

"Sheria ni sheria, afande. Mnunuzi ametuma picha, koti limechanika. Muuzaji ana picha zake, koti zima. Picha ya muuzaji tutajuaje ni ya koti hilohilo?"

"Na ya mnunuzi mnajuaje?"

Karani aliangalia chai yake. "Mnunuzi ndiye mfalme."

"Aliyelipeleka koti ni nani?"

Alikuwa nje, anafuta pikipiki iliyokuwa tayari inang'aa. Jina lake la barabarani lilikuwa Mwewe. Alikuwa na viatu vipya vyeupe, na Koplo alivitazama viatu hivyo kwa muda mrefu kuliko ilivyo adabu.

"Viatu vizuri."

"Naapa, afande, sijui lolote!"

"Sijakuuliza kitu, kaka. Nimesifia viatu."

"Shemeji alinipa! Muulize! Mimi kifurushi kikishafungwa na utepe wa kampuni sikigusi. Wakisema nimebadilisha makoti, mimi makoti nayapeleka wapi? Nivae kwenye pikipiki, nife kwa joto?"

"Nani kasema makoti yamebadilishwa?"

Mwewe akamnyooshea kidole Mama Pacha. "Si yeye huyo! Juzi kapiga kelele hapa mlangoni mpaka mizani ikatikisika. Mtaa mzima unajua."

Mama Pacha aliinamia ncha za viatu vyake. "Nilikuwa na uchungu," alisema.

Koplo alimwandika Mwewe wa pili kwenye orodha, akaweka na alama ya kuuliza, kisha akageukia mizani. Ilikuwa ya namba nyekundu, imefungwa kwa mnyororo kana kwamba kuna mtu angeiiba aende kupimia watoto.

"Mnapima kila kifurushi?"

"Kila kimoja," alisema Karani, aliyekuwa amewafuata na chai yake. "Kikiingia hapa kinapimwa, kikifika kituo cha kuchukulia kinapimwa kabla mteja hajakabidhiwa, kikirudi hivyohivyo. Ada ya usafiri inakwenda kwa uzito."

"Na ada hiyo analipa nani?"

"Muuzaji. Inakatwa kwenye mauzo yake. Kila kitu kimeandikwa kwenye mchanganuo wa makato." Akamgeukia Mama Pacha. "Si unausoma?"

"Naangalia kilichobaki," alisema Mama Pacha. "Huko juu pananitia presha."

"Leo tutasoma huko juu," alisema Koplo. "Fungua."

Walisimama watatu mbele ya kompyuta ya Karani, Mwewe naye akichungulia mlangoni. Karani alisoma kwa sauti ya mtu anayesomea wasafiri masharti ya basi. Koti la ugoro, elfu themanini. Kamisheni ya soko, asilimia kumi, elfu nane. Ada ya kupokea malipo, mia nane. Usafiri wa kwenda, elfu tano. Halafu malalamiko: mnunuzi amerudishiwa fedha zake zote. Kamisheni imerudi kwa muuzaji. Ada ya kupokea malipo hairudi. Usafiri wa kwenda haurudi. Na usafiri wa kurudi, kwa kuwa kosa limehesabiwa la muuzaji, analipa yeye tena, elfu tatu.

"Hebu rudia hapo," alisema Koplo.

"Elfu tatu."

"Kwenda elfu tano, kurudi elfu tatu. Barabara ni ileile?"

"Ileile, afande."

"Wakati wa kurudi ni mteremko?"

Mwewe alicheka mlangoni, akajikumbuka, akanyamaza.

"Mimi nilidhani ni nafuu," alisema Mama Pacha polepole. "Kama tiketi ya kwenda na kurudi."

Karani alikuwa ameanza kubonyeza. Tai ilikuwa imeingia kwenye chai na hakuiona. "Hadi kilo moja na nusu ni elfu tatu," alisema, sasa kwa sauti yake mwenyewe. "Ikizidi hapo, hadi kilo mbili na nusu, ni elfu tano. Koti hili... limeondoka hapa kilo mbili na gramu mia moja. Kituo cha kuchukulia, kabla ya kukabidhiwa, kilo mbili na gramu mia moja. Mnunuzi amelirudisha palepale..." Akakohoa. "Kilo moja na gramu mia nne."

"Na yale mengine mawili?"

Alibonyeza. Kwenda elfu tano, kurudi elfu tatu. Kwenda elfu tano, kurudi elfu tatu.

"Sasa nieleze, mwanangu," alisema Koplo. "Hayo makoti yalikuwa yanafunga kula?"

Kwenye orodha, Koplo alichora mstari juu ya jina la Mwewe: hadi mkononi mwa mnunuzi koti lilikuwa na uzito wake wote. Akachora mwingine juu ya jina la Mama Pacha. Orodha ikabaki tupu, na hilo lilimkera zaidi.

"Na hii?" Akamwekea Karani simu yenye ule ujumbe.

Karani aliusoma mara mbili. "Hii si yetu. Sisi hatuombi. Tunakata kabla fedha hazijamfikia muuzaji, basi. Hatumpigii mtu, hatumwandikii atutumie kwenye namba ya mtu. Kwenye orodha yetu ya ada hakuna kitu kinachoitwa kuzuia kufungiwa."

"Lakini ina namba ya oda. Nani anaijua namba hiyo?"

"Sisi. Muuzaji. Na mnunuzi."

"Mnunuzi ni nani?"

"Majina matatu tofauti, afande. Soko letu halikagui kitambulisho, mtu anajiandikisha kwa barua pepe tu. Wanachukua kwa namba ya siri." Akasogeza macho kwenye kioo. "Ila kituo cha kuchukulia ni kimoja, mara zote tatu. Duka la kutoa fotokopi, nyuma ya maghala."

Koplo alimwona Mama Pacha akikaza vidole kwenye mkoba.

"Maghala gani?"

"Ya mabelo," alisema Karani.

Mwewe alirudi kufuta pikipiki.

"Afande," alisema Karani, "mimi siwezi kuzuia kufungwa kwa uzito peke yake. Mfumo wenyewe unafunga saa kumi. Nikipata namba ya jalada la polisi, lenye jina la mtuhumiwa na sahihi ya mlalamikaji, nazuia. Bila hivyo mikono yangu imefungwa."

"Una mizani ndogo ya kuning'iniza?"

Alikuwa nayo. Koplo aliichukua bila kusaini popote.

* * *

Foleni iliwala mchana, ikawa saa nane na robo walipofika upande wa maghala. Njiani Mama Pacha alikuwa amezungumza mfululizo, kama mtu anayeziba tundu. Kwamba pale kuna maghala kumi na moja. Kwamba wachuuzi wa makoti ni wengi. Kwamba mtu yeyote anaweza kutoa fotokopi.

"Mabelo yako unayafungulia wapi?" aliuliza Koplo.

"Palepale kwa Mjomba. Ndiyo desturi yake. Belo linafunguliwa mbele ya macho yake, kwenye turubai, ili kesho mtu asirudi kusema alikuta mashuka."

"Kwa hiyo koti zuri likitoka, anaona."

"Hata hunipongeza," alisema Mama Pacha.

Koplo alimwacha kwenye kibaraza cha jirani, akavua kofia, akafunika sare yake kwa kanga aliyobeba mkobani kwa shughuli kama hizo, akaingia ghalani na uso wa mtu mwenye fedha na asiye na akili.

Palikuwa na giza la uvuguvugu. Mabelo yalikuwa yamepangwa hadi juu, yamekazwa kwa mikanda ya plastiki hadi yametoa vitambi. Katikati kulikuwa na turubai, na juu yake lundo la makoti ya gredi ya tatu, wanawake wawili wakichagua na kutupiana. Mjomba mwenyewe alikaa kwenye kiti cha chuma na mkasi mapajani. Alikuwa mtu mzima mpole, mwenye sauti ya kubembelezea watoto.

"Karibu, mama. Belo au reja reja?"

"Koti moja tu, baba. Wifi yangu anasafiri kwenda kwenye baridi. Nataka lizuri, asije akasema tulimtupa."

"Haya ya hapo chini hayamfai wifi." Alimpima kwa macho kuanzia viatu. Alichokiona kilimridhisha. "Yako mengine ndani."

Chumba cha nyuma kilikuwa na taa moja ya kuning'inia na misumari ukutani. Kwenye misumari, makoti matatu ya sufu. Moja ugoro, moja kijivu, moja jeusi.

Koplo alishika mkono wa lile la ugoro. Aliupitisha mkono huo kati ya vidole, polepole, kuanzia begani hadi kwenye kifundo. Ulikuwa laini, mviringo, hauna mstari wa pasi hata mmoja. Anayepiga pasi kwa haraka huulaza mkono wa koti mezani na kuukandamiza, ukabaki na mstari kama kisu. Anayeijua kazi anakunja taulo, anaiingiza ndani ya mkono, na kupiga pasi juu yake huku akizungusha. Ni kazi ya nusu saa kwa koti moja. Watu wa kufanya hivyo wamebaki wachache, na baba yake alikuwa mmoja wao.

"Limetoka lini hili?"

"Asubuhi ya leo, mama. Belo la gredi ya kwanza. Nimelikata mikanda mwenyewe kwa mkasi huu."

"Mkapiga pasi?"

Mjomba alicheka. "Pasi ya wapi? Hapa umeme wenyewe ni wa taa tu. Hapa ni belo na mkasi. Wewe ukifika nyumbani ndiyo utapiga."

"Kumbe linatoka kwenye belo limenyooka hivi."

"Gredi ya kwanza, mama! Huko wanayapanga vizuri."

Koplo aliinua kola, akanusa. Ndimu. Akavua kanga, akaikunja, akaiweka mkobani. Mjomba aliiona sare, na tabasamu lake likabaki mahali pake kwa sababu halikuwa limeambiwa liende wapi.

"Mama Pacha!" aliita Koplo. "Njoo na tepu yako ya kupimia."

Mpwa aliingia na tepu mkononi. Alimtazama mjomba wake, akatazama misumari.

"Mwanangu," alisema Mjomba haraka, "hayo kuna mwanamke kaniletea, simjui, nikamwonea huruma..."

"Umesema yametoka kwenye belo leo asubuhi," alisema Koplo.

"Nilisahau."

"Basi nyamaza kidogo uendelee kukumbuka." Alimgeukia Mama Pacha. "Tangazo lako liko kwenye simu? Soma vipimo. Pima hapa."

Mama Pacha alisoma kama mtoto anayesoma darasani mbele ya mgeni. Kwapa hadi kwapa, sentimita hamsini na nne. Akapima: hamsini na nne. Mkono, sitini na moja. Sitini na moja. Urefu, mia moja na nne. Tepu ikateleza, akapima tena. Mia moja na nne. Koplo akalitundika koti kwenye mizani ndogo. Kilo mbili na gramu mia moja. La kijivu na jeusi yakafuata, yakasema vilevile kama yalivyoandikwa kwenye matangazo yao. Kisha akatoa koti la kwenye mfuko wa ushahidi, akalilaza mezani chini ya taa pamoja na moja alilolichukua kwenye lundo la turubai. Mikunjo ileile, harufu ileile.

"Koti lililofuliwa na kupigwa pasi kwa mvuke haliwezi kurudi na mikunjo ya belo," alisema. "Mtu wa kawaida angekuwa na koti moja bovu nyumbani, na lingenuka kabati. Huyu alikuwa na lundo. Alikosea kwa kuwa pua yake imeshazoea dawa hii, haisikii tena."

Mjomba alikaa juu ya belo. Wale wanawake wawili walikuwa wameacha kuchagua na kusogea mlangoni, kila mmoja ameshika koti asilolinunua.

"Ulikuwa unaniuzia belo," alisema Mama Pacha, "halafu unalinunua koti langu, halafu unarudishiwa fedha yako, halafu unanitoza elfu ishirini za ada ya uongo, halafu unanipa pole."

"Nilitaka kidogo tu, mwanangu. Biashara ya ghala imelala. Wateja wote wamehamia huko kwenye masimu yenu. Nilisema kampuni ndiyo itakayolipa. Kampuni ni tajiri."

"Nimelipa mimi! Kwenda nimelipa mimi, kurudi nimelipa mimi!"

"Hilo sikulijua. Naapa. Nilijua ada za usafiri ni zao."

Ilikuwa saa tisa na dakika ishirini. Koplo alifungua daftari la maelezo kwenye ukurasa mpya. "Yamekuwa makoti mangapi?"

"Matatu. Si hayo unayaona?"

Koplo alitazama ukutani. Misumari ilikuwa mingi, na chini ya kila mmoja chokaa ilikuwa imesuguliwa ikang'aa.

"Nitauliza tena, na safari hii jibu liwe refu."

Mjomba alitazama mkasi wake. "Tisa."

"Tisa?" Mama Pacha alisema. "Malalamiko ni matatu."

"Yale sita ya mwanzo uliandikiwa pembeni. Mnunuzi alikwambia asikushtaki kwenye kampuni, mmalizane wenyewe, ukakubali."

Mama Pacha alisimama pale na tepu shingoni. Alipozungumza, sauti ilikuwa ndogo.

"Nilidhani siyaoni matundu. Yale sita yalipokuwa yanarudi, nilisema nimezeeka, nimepakia koti bovu na sikuliona. Nilikwenda kwa daktari wa macho, Mjomba. Akasema macho yangu hayana kasoro. Nikamwona mwongo. Nikaenda kwa mwingine, nikanunua miwani ya elfu thelathini. Inanipa kizunguzungu. Naivaa nikifanya kazi, natapika."

Hata Koplo aliacha kuandika.

"Mwanangu," alisema Mjomba, "belo lako la kwanza, nani alikupa bila senti mkononi? Nilikutoa wapi? Usiniandike. Nitakurudishia yote, tutakaa nyumbani na mama yako, tutayamaliza."

Mama Pacha alimtazama Koplo. "Nisipoandika?"

"Saa kumi wanakufunga. Wateja mia nne, nyota zako zote, miaka sita. Halafu utakuja kufungulia belo hapahapa."

"Nikiandika?"

"Leo analala kwetu. Mama yako atakupigia simu kabla hujafika nyumbani."

Tisa na dakika thelathini na tano. Mama Pacha alivuta daftari. Sehemu ya jina la mlalamikaji aliandika haraka. Jina la mtuhumiwa aliliandika kamili, pamoja na la babu yake mwenyewe mwishoni. Kisha ikaja ile sehemu inayosema *Uhusiano wako na mtuhumiwa*, na kalamu ikasimama. Mjomba alikuwa amenyoosha shingo, akisoma kichwa chini miguu juu.

Aliandika: *Ananiuzia mabelo.*

Akasaini.

Koplo alipiga picha ukurasa ule, akampigia Karani, akamsomea namba ya jalada iliyochapwa juu yake, tarakimu kwa tarakimu. Alisikia vibonyezo, kisha pumzi ndefu. "Naiona, afande. Nimezuia. Duka lipo." Ilikuwa saa kumi kasoro dakika tisa.

Mjomba alinyoosha mikono afungwe pingu, lakini macho yake yalikuwa kwa mpwa wake.

"Ungeandika hata *mjomba*," alisema.

Mama Pacha alikuwa anayatoa makoti yake matatu kwenye misumari, moja moja, akiyalaza mkononi kwa uangalifu.

"Nafasi yenyewe ilikuwa ndogo," alisema.

Koplo alitazama daftari. Nafasi ilikuwa mstari mzima, kuanzia ukingo hadi ukingo. Akalifunga daftari, akalitia kwapani.